Radio ya Zamani ya Wazazi Wetu: Tuitambue Kwanza, Ndipo Tuijaribu

Somo la kutafakari: Kumbukumbu la Torati 22:8



Wengi wenu mwazoea kupata katika karatasi hii muhtasari wa mahubiri ya Jumapili. Juma hili pia tunaanza na Neno, lakini tutalipeleka hadi kwenye jambo moja la nyumbani. Katika andiko tulilolitaja hapo juu, Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Tuangalie vizuri: Mungu hakumwambia mwenye nyumba aombe tu ili watu wasianguke. Alimwambia ajenge ukingo. Maombi ni yetu kila siku, na ukingo ni wajibu wetu vilevile.

Tunaandika haya kwa sababu ya mama mmoja mjane wa kanisa letu. Alikuja kwenye studio akiwa amebeba radio kubwa ya mbao, imefungwa ndani ya kitenge. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa karani kabla ya uhuru wa 1960. Mama alituambia kwamba nyumbani mwake kulikuwa na maneno matatu. Kijana wake alitaka kuichomeka kwenye umeme mara moja, aone kama itasema. Jirani alisema kwamba lile jicho la kijani lililo mbele ni la mizimu, afadhali radio ichomwe. Na mtu mwingine alikuja na pesa mkononi, akisema ndani mna zebaki nyekundu, auziwe taa zake tu. Mama akatuuliza: nimsikie nani?

Tulimjibu: usimsikie yeyote kati ya hao watatu kabla hatujaitazama. Na kwa kuwa tunajua radio za namna hii zingali katika nyumba nyingi, juu ya makabati na chini ya vitanda, tumeona vema kuwaeleza ninyi wote yale tuliyomweleza yeye.

RADIO YA TAA NI NINI

Radio ndogo tunazotumia leo zinafanya kazi kwa transista na vipande vidogo ambavyo havihitaji umeme mwingi. Mawe mawili yanatosha. Lakini kabla ya transista kuenea, yaani hadi karibu na miaka ya 1960, radio karibu zote zilifanya kazi kwa taa za kioo. Wazee wetu waliziita posti za taa. Taa hizo si za kuangaza chumba. Ndani ya kioo hewa imetolewa yote. Mna uzi mwembamba unaopata moto, na kuuzunguka mna vyuma vyembamba. Uzi ukipata moto, chembe za umeme zinaruka kupita mahali pasipo na hewa kwenda kwenye chuma cha nje. Njiani pana wavu mwembamba unaozizuia au kuziruhusu. Hivyo sauti ndogo inayotoka kwenye waya wa antena inakuzwa mpaka iweze kutikisa spika.

Ili chembe hizo ziruke, radio inahitaji umeme wa nguvu. Katika radio nyingi za nyumbani ni kati ya volti 200 na 300, tena umeme wa mkondo mmoja. Umeme huo unaweza kuua mtu. Na unaweza kubaki ndani ya kondensata hata baada ya kuchomoa waya kwenye prizi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba radio iliyochomolewa haina neno.

TUITAMBUE KWA NJE

Kabla ya kuigusa ndani, tusome maandishi yake. Radio nyingi zilizoletwa Kongo wakati ule zilitoka Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani na Ufaransa: Philips, SBR ya Ubelgiji, Telefunken, Grundig na nyingine. Jina la mbele peke yake halitoshi. Geuza radio, tazama kibao cha nyuma.

Tafuta kwanza namba ya aina. Katika radio za Philips, herufi ya mwisho ya namba hiyo inasema jambo kubwa. A maana yake ni umeme wa kubadilika kama ule wa nyumbani. U maana yake radio inakubali umeme wa aina zote mbili, wa kubadilika na wa mkondo mmoja. B maana yake ni ya batri.

Tafuta pia alama. Mstari wa wimbi ni umeme wa kubadilika. Mistari iliyonyooka ni umeme wa mkondo mmoja. Ukiona alama zote mbili pamoja, au maneno ya Kifaransa «tous courants», hiyo ni radio ya umeme wa aina zote. Ikumbuke, tutairudia.

Kisha tafuta volti. Radio nyingi za Ulaya zina mahali pa kuchagua: 110, 125, 145, 220, 245. Wakati ule miji mingi ya Ulaya ilikuwa na umeme wa volti 110 au 127. Umeme wetu ni 220. Ikiwa kichaguzi kimesimama kwenye 110 nasi tukachomeka kwenye 220, radio itaungua kwa muda mfupi sana. Na kwa kuwa umeme wa mitaani hupanda na kushuka, kama nafasi ya 240 au 245 ipo, hiyo ndiyo ya kuchagua.

Sasa tazama kioo cha stesheni. Herufi GO, PO na OC ni Kifaransa: mawimbi marefu, ya kati na mafupi. Wajerumani waliandika LW, MW na KW. Ukiona UKW, hayo ndiyo mawimbi ya FM. Ujerumani ilianza kutangaza kwa FM mwaka 1949, kwa hiyo radio yenye UKW haiwezi kuwa ya kabla ya vita. Tena nchi za Ulaya zilipatana kubadili nafasi za stesheni za mawimbi marefu na ya kati kuanzia Machi 1950. Ndiyo maana majina kama Hilversum, Luxembourg au Beromünster yanaweza kukaa mahali tofauti kwenye kioo cha kabla ya mwaka ule na kioo cha baadaye. Fundi anayefahamu mambo hayo anaweza kukisia umri wa radio bila kuifungua.

TUITAMBUE KWA TAA ZAKE

Taa nazo zina majina, na majina hayo si ya bure. Kuanzia miaka ya 1930 viwanda vya Ulaya vilipatana mpango wa herufi. Herufi ya kwanza inasema namna uzi wa ndani unavyopashwa moto:

A: volti 4. Hizi ni za zamani, nyingi za kabla ya vita.
E: volti 6,3. Ndizo za kawaida katika radio za umeme.
D: volti 1,4. Ni za batri.
K: volti 2. Nazo ni za batri, za zamani zaidi.
C na U: hizi huwashwa zote kwa mnyororo mmoja, taa baada ya taa, kwa umeme unaotoka moja kwa moja kwenye prizi.

Herufi zinazofuata zinasema kazi ya taa. CH hushika stesheni na kubadili mawimbi, F hukuza, L hupeleka nguvu kwenye spika, Y na Z hunyoosha umeme, M ni jicho la kuonyesha stesheni. Namba za mwisho husema juu ya miguu ya taa: za themanini na kitu, kama ECH81 na EL84, zina pini tisa nyembamba nazo ni za miaka ya 1950. Za arobaini na kitu, kama EF41, zilikuja baada ya vita. AZ1 na AL4 zenye vidato vya chuma pembeni ni za miaka ya 1930.

Radio nyingi za Kifaransa zilitumia majina ya Kiamerika, kama 6E8, 6V6 na 5Y3. Hapo namba ya kwanza ndiyo volti. Ukiona 25L6 au 25Z6, ujue taa hizo nazo huwashwa kwa mnyororo.

Onyo dogo: maandishi ya taa hufutika kwa kidole. Usiyasugue. Ipulizie pumzi polepole, herufi zitaonekana kwenye ukungu wa kioo. Na kabla ya kutoa taa yoyote mahali pake, chora kwenye karatasi kila moja ilikokaa.

Taa yaweza kutuambia pia kama ingali nzima. Juu au pembeni mwa kioo kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazama. Likiwa la rangi ya fedha au jeusi, ni vizuri. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na taa imekufa. Hakuna fundi wa kuifufua.

Kama taa zote zinaanza na D au K, radio hiyo ni ya batri na haipaswi kuguswa na waya wa nyumbani hata kidogo. Radio za namna hiyo zilifaa sana vijijini. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipata mwaka 1949 radio ya batri ya bei ndogo iliyofanywa na kampuni ya Ever Ready. Harry Franklin, ofisa wa habari huko Lusaka, ndiye aliyeitafuta kwa ajili ya wananchi. Sanduku lake lilitokana na sufuria, na watu wakaiita kwa jina hilo. Taa za batri nyuzi zake ni nyembamba mno: volti 220 huzikata zote mara moja, na aliyeichomeka yuko hatarini.

HATARI ILIYOJIFICHA: SHASI YENYE UMEME

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo watu hufa.

Shasi ni lile bati la chini linaloshika vyombo vyote. Katika radio iliyofanywa vizuri mna transfo, nayo hutenganisha umeme wa nyumbani na shasi. Lakini radio za bei ndogo zenye taa za U au C hazina transfo hiyo. Waya mmoja wa prizi umefungwa moja kwa moja kwenye bati. Aliyeibuni hakuwa mjinga: sanduku la mbao au bakeliti, kibao cha nyuma na vifungo vya plastiki ndivyo vilivyokuwa ukingo wa dari. Hata skrubu za vifungo zilizibwa kwa nta ili kidole kisiguse chuma.

Lakini radio ikikaa miaka 60, kifungo kimoja kimepotea na mhimili wa chuma uko wazi. Kibao cha nyuma kimeliwa na panya. Nta imedondoka. Ukingo umeanguka, wala sisi hatujui.

Tena mtu asiseme: jana niliigusa na sikusikia kitu. Fishi ya Ulaya yenye pini mbili huingia pande zote mbili. Ikiingia upande huu, shasi iko kwenye waya usio na umeme. Ukiigeuza, shasi ile ile ina volti 220. Na katika radio kadhaa, kuzima kifungo hakutoshi: shasi inaweza kuwa na umeme hata radio ikiwa imezimwa. Iliyo salama ni ile iliyochomolewa tu.

Vijana wetu, neno hili ni lenu. Nyuma ya radio kuna matundu yaliyoandikwa P.U. Yalikuwa ya kuunganisha gramafoni. Leo kijana anatamani kuingiza waya wa simu hapo ili wimbo utoke kwenye spika kubwa. Katika radio yenye shasi ya umeme, simu na mkono ulioishika vinaweza kupata volti 220. Msifanye hivyo.

Na taa za E hazithibitishi kwamba kuna usalama. Radio nyingine zina transfo ya nusu, isiyotenganisha waya wa nyumbani na shasi. Herufi zatuonya, ila kipimo ndicho kinachoamua.

JICHO LA KIJANI NA ZEBAKI NYEKUNDU

Kabla ya kufika kwenye kipimo, tuwajibu yule jirani na yule mnunuzi.

Jicho la kijani ni taa kama taa nyingine, EM34 au EM80 kwa mfano. Ndani yake mna kibati kilichopakwa unga maalumu. Chembe za umeme zikikipiga, unga huo hung'aa kijani. Stesheni ikishikwa vizuri, kivuli chake hupungua, na msikilizaji ajua amefika mahali pake. Wafaransa waliliita jicho la maajabu kama jina la biashara tu. Sisi tunaamini kwamba pepo wabaya wako, na kwamba jina la Yesu lina mamlaka juu yao. Kwa sababu hiyo hiyo hatupaswi kumpa Shetani sifa ya kazi iliyofanywa na mafundi wa kiwanda. Radio ikivuma au kutoa moshi, haihitaji kukemewa. Inahitaji kuchomolewa.

Juu ya zebaki nyekundu: taa za radio za nyumbani hazina zebaki. Tumekwisha kueleza kwamba ndani mmetolewa hewa. Lile doa la fedha ni madini membamba yaliyowekwa ili kumeza hewa inayobaki, na ukivunja kioo halina bei yoyote. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limekwisha kusema kwamba hiyo zebaki nyekundu inayotafutwa kwa mamilioni haipo. Wengine hutoa pesa kidogo leo ili kesho wakuombe nyingi za «kusafirisha mali». Ndugu, msiuze urithi wa wazazi kwa ndoto, wala msitoe akiba ya watoto.

HATUA ZA KUJARIBU

Kazi hii ni ya fundi wa radio anayejua umeme wa nguvu. Tunaiandika ili mwenye nyumba ajue fundi anapaswa kufanya nini, na aweze kumkataa yule anayetaka kuchomeka kwanza na kutazama baadaye.

Ya kwanza: usichomeke. Radio iliyolala miaka mingi haina haraka ya siku moja.

Ya pili: macho. Fishi ikiwa nje ya prizi, fundi afungue nyuma. Atazame viota vya panya, nta iliyoyeyuka, alama za kuungua. Waya wa zamani wenye mpira uliopasuka ubadilishwe wote, usifungwe kwa plastiki juu juu. Lakini kuna radio ambazo waya wake wenyewe ulipunguza volti na ulipata joto kazini. Waya wa namna hiyo usikatwe wala usifupishwe. Fundi atafute njia nyingine iliyo salama.

Ya tatu: kipimo cha fishi. Radio imechomolewa, kifungo chake kimewekwa kwenye kuwaka, multimeta iko kwenye omu. Kati ya pini mbili za fishi, radio yenye transfo huonyesha kwa kawaida makumi ya omu. Kipimo kisiposogea kabisa, waya, fyuzi au kifungo kimekatika. Kikionyesha sifuri, kuna mgusano, na kuchomeka ni kuomba moto.

Ya nne, nayo ni kubwa kuliko zote: kipimo cha shasi. Weka ncha moja ya multimeta kwenye pini ya fishi, nyingine kwenye bati la shasi. Kisha pini ya pili vivyo hivyo. Multimeta ionyeshe kwamba hakuna njia kabisa, au megaomu kadhaa. Ikionyesha omu chache, au makumi, au mamia, shasi hiyo imefungwa kwenye umeme wa nyumbani. Fundi asiifanyie kazi ikiwa wazi bila transfo ya kutenganisha.

Ya tano: kondensata. Zile kubwa za kulainisha umeme hukauka kwa miaka. Zile za karatasi na nta huvuja. Moja kati yake ni mbaya kuliko nyingine, ile inayopeleka sauti kwenye taa ya nguvu, yaani ile ya L. Ikivuja, taa hiyo hufanya kazi kupita kiasi, hupata moto mwekundu na huweza kuunguza transfo. Fundi mwema huibadilisha kabla ya kuwasha, wala hangoji kuona. Achague kondensata mpya ya volti 400 hadi 630. Zile zilizo kwenye waya wa prizi zibadilishwe kwa kondensata za usalama zenye alama X2 au Y2.

Ya sita: kuwasha kwa ampuli. Katika waya mmoja wa umeme fundi aweke ampuli ya uzi, ya wati 60 kwa radio ndogo au 100 kwa radio kubwa, ili umeme wote upite humo kwanza. Ampuli za LED hazifai kazi hii. Ampuli ikiwaka kwa nguvu na kukaa hivyo, mna mgusano: chomoa. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, ni ishara njema. Lakini tuelewe: ampuli hii inalinda radio, haimlindi mtu. Ampuli ya wati 60 inaweza kupitisha zaidi ya robo ya ampea, na hiyo inatosha kabisa kuua.

Wakati huo spika iwe imefungwa mahali pake, meza iwe ya mbao, sakafu kavu, viatu miguuni, mkono mmoja mfukoni. Watoto wakae mbali. Mtu wa pili awe karibu na prizi, anayejua kuichomoa. Taa zitaanza kuwaka rangi ya machungwa, na baada ya nusu dakika hivi mngurumo mdogo utasikika. Bati la ndani ya taa likigeuka jekundu, chomoa. Harufu ya kuungua, chomoa.

Ya saba: baada ya kuzima. Fundi apime volti zilizobaki kwenye kondensata kubwa na kuzitoa polepole kwa rezista, si kwa kuzigusisha kwa bisibisi. Kisha apime tena kabla ya kuingiza kidole.

MTU AKISHIKWA NA UMEME

Usimshike kwa mikono. Chomoa fishi au zima umeme wa nyumba. Isipowezekana, msukume kwa mti mkavu huku umesimama mahali pakavu. Ikiwa hapumui, anayejua kusukuma kifua aanze mara moja, na mwingine atafute gari. Hata akiinuka na kusema ni mzima, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa maana umeme unaweza kuusumbua moyo baadaye. Tuombe tukiwa njiani, wala tusiache kwenda eti kwa sababu tumeomba.

RADIO YA YULE MAMA

Fundi wetu alifuata hatua hizi. Taa zilikuwa UCH42, UF41, UAF42, UL41 na UY41. Zote zilianza na U. Kwenye hatua ya nne, kati ya pini moja na shasi, multimeta ilionyesha karibu sifuri. Na kifungo kimoja cha mbele hakikuwapo, chuma kilikuwa wazi, mahali pa urefu wa mtoto. Kijana yule alipoambiwa, alinyamaza muda mrefu. Wadogo zake watatu hucheza katika chumba kile.

Kondensata zilibadilishwa, waya ukawa mpya, kifungo kikapatikana, nyuma ikafungwa kibao kipya. Radio ilisema. Haishiki radio yetu, kwa kuwa sisi tunatangaza kwa FM nayo haina mawimbi hayo. Hata radio za UKW za miaka ile, nyingi huishia karibu na megahezi 100, hivyo stesheni zilizo juu ya hapo hazisikiki. Lakini usiku, kwa mawimbi mafupi, husikika sauti za mbali. Taa za LED na vyombo vya sola jirani vinaweza kuleta kelele. Vikizimwa kidogo sauti husafika. Mama anasikiliza mahubiri kwa radio yake ndogo ya mawe, ameiweka juu ya ile kubwa ya baba yake.

Wapendwa, katika nyumba zenu tazameni penye dari pasipo na ukingo: waya uliovuliwa nguo, prizi iliyolegea, radio ya zamani inayongoja mtu wa kuichomeka. Kama mnayo radio ya taa, msiichomeke wala msiiuze kwa hofu. Ileteni kwenye studio baada ya ibada, tuisome pamoja, nanyi mje na yule kijana wa nyumbani apendaye kujaribu vitu, ili naye ajifunze kupima kabla ya kuwasha.

Neema ya Bwana iwe nanyi.